Baba Mkwe, Vita vya Bahari na Korongo la Mkonze

Baba mkwe alipohamia kwetu Mkonze, nilimwogopa kabla hajashuka garini. Kwetu Ugogoni mke hamzoei baba wa mumewe. Humsalimu kwa mbali, humtengea chakula na kuondoka, na akipita njiani humpisha. Nililelewa hivyo, na ualimu wangu wa historia pale sekondari haukuwa umeniondolea malezi yale. Zaidi ya hapo, mume wangu alikuwa amekwisha kunisimulia habari za baba yake kiasi kwamba nilijiona kama mwanafunzi anayesubiri mkaguzi.

Alikuwa amestaafu jeshi la wanamaji. Vitabu vyake viwili vya historia ya vita vya baharini vilisomwa na maofisa wa nchi nyingi, tena nchi zenye manowari za kweli, siyo boti chache za doria kama zetu. Alizaliwa pwani, mtoto wa karani wa forodha, na tangu ujana wake alihesabika miongoni mwa vijana hodari wa kikosi chake. Akapelekwa kusoma ng'ambo. Aliporudi alikaa melini muda mfupi tu, kisha akaomba kufundisha, na hakurudi tena baharini mpaka alipostaafu. Mume wangu alilieleza hilo kwa fahari: baba alikuwa na akili mno, wakaona wasimpoteze kwenye mawimbi.

Mama mkwe alipofariki, na macho ya mzee yakiwa yanaharibika kwa presha ya macho, watoto wake wote wa pwani walimtaka akae kwao. Akawakatalia. Alisema anakuja Dodoma, kwa mwanawe aliyeoa bara. Watu walishangaa. Mtu aliyeandika habari za bahari maisha yake yote anakwenda kuzeekea mahali ambapo watu huomba mvua kanisani na msikitini, na wazee wa kimila nao huiomba kwa njia yao.

Alishuka na masanduku ya vitabu na fimbo moja. "Shikamoo baba," nilisema, nikiwa nimepiga magoti mbali kidogo.

"Marahaba mwanangu. Sogea. Mimi sioni vizuri, ukikaa huko nitakuita usiku na mchana."

Hivyo ndivyo desturi yangu ilivyoanza kuvunjika. Miaka ile mambo mengi yalikuwa yanavunjika pamoja nayo. Maduka yalijaa bidhaa ambazo tulipokuwa wadogo tulizisikia tu, na wakati huohuo ofisi zikawa zinapunguza watu. Mume wangu alikuwa mtumishi wa wizara. Siku moja aliitwa, akapewa barua, akarudi nyumbani mapema na kukaa uani bila kuvua viatu. Hospitalini tukaanza kuambiwa tuchangie gharama. Kila mahali ulisikia kwamba kila mtu ajitegemee. Niliogopa kama walivyoogopa wote, ila mzee hakuonekana kuogopa lolote. Alikuwa akisema, "Nchi ikifungua mlango, jambo la kwanza ni kujua nani analinda njia inayofika mlangoni." Kisha ananiomba nifungue kitabu.

Kila jioni nikitoka shuleni nilimsomea barazani. Nilimsomea vitabu vya wengine na vyake mwenyewe, maana alitaka kuvisahihisha kabla macho hayajazima kabisa. Huko ndiko nilikojifunza mawazo yake, mimi ambaye bahari niliijua kwa picha za kalenda.

Alishikilia kwamba bahari si shamba. Shamba unaweza kulizungushia miiba na kusema ni langu. Bahari ni njia, na njia haimilikiwi. Hutunzwa ili mizigo yako ipite, na ya adui isipite. Kwa hiyo aliwacheka majemadari waliotaka vita moja kubwa ya kumaliza yote. Alionyesha, karne kwa karne, jinsi waliokimbilia vita hiyo walivyozama na meli zao, na waliongoja wakabaki na nchi zao. Wazo lililompa jina ndilo hili: kwamba kundi dogo la manowari likitulia bandarini, zima, halijapigwa, humtesa adui kuliko likitoka. Adui hawezi kulala. Hawezi kupeleka meli zake mbali, kwa kuwa hajui lile kundi litatoka lini. Aliandika kwamba nahodha mwenye busara huiachia hofu ifanye kazi ambayo mizinga ingeifanya kwa hasara.

"Umeelewa?" aliniuliza siku moja.

"Nimeelewa baba. Ni kama nyoka aliye ndani ya paa. Hajakuuma, lakini humo ndani hulali."

Alicheka sana. Baadaye nilimsikia akiutumia mfano ule mbele ya wageni wake.

Maana wageni walikuja. Maofisa, wengine wenye mvi, walifika Mkonze kwa magari yaliyojaa vumbi jekundu, wakakaa kwenye vigoda vyetu na kumwuliza maswali kwa unyenyekevu. Majirani walidhani ni mganga. Mlinzi wa shamba la zabibu lililokuwa jirani yetu, mwanamume wa makamo, mrefu, mwenye kupenda utani, aliniuliza mzee anatibu nini. Nikamwambia anafundisha vita vya majini. Akatazama pande zote za nchi ile kavu, akasema, "Basi amechelewa mvua." Yeye ndiye aliyetuletea zabibu zilizodondoka, na binti yetu wa miaka minne alimpenda kuliko wajomba zake.

Jambo moja lilinitatiza. Mawingu yakikusanyika, mzee aliacha maneno katikati. Alikuwa anainuka, anapapasa ukuta mpaka chumba cha ndani, na kukaa huko mpaka mvua ikatike. Nilidhani ni baridi ya uzee. Sikuuliza, kwa kuwa mkwe haulizi.

Ukaja mwaka ambao mvua zilipita kiasi. Tulizishukuru wiki za mwanzo, kisha tukanyamaza, kisha tukaanza kuziogopa. Tembe za watu, zile nyumba za udongo hadi paa, zililainika na kuanguka. Korongo lililokuwa kati yetu na barabara ya kwenda mjini, ambalo kwa kawaida ni mchanga mtupu na watoto huchezea humo, lilianza kutiririsha maji kila alasiri.

Katika siku hizo binti yetu akapata homa. Nilimnunulia klorokwini ya malaria kwenye duka la dawa, akatapika. Nikampa tena, akatapika. Mvua ilinyesha tangu magharibi hadi kulipokaribia kupambazuka, na kulipokucha mtoto akakakamaa mikononi mwangu, macho yakapanda juu, meno yakaumana. Ilikuwa degedege. Ilipomwachia alilegea kama nguo iliyofuliwa. Nilimwita, hakuniitika.

Nilimfunga kwa kanga tukatoka mbio, mimi na mume wangu. Mvua ilikuwa imekata. Tulilisikia korongo kabla ya kuliona. Ulikuwa mlio ambao sikuwahi kuusikia, wa chini kabisa, unaopanda miguuni. Tulipofika ukingoni hapakuwa na mchanga wala ng'ambo niliyoizoea. Palikuwa na maji mekundu, mazito, yanayokimbia kama ng'ombe waliotishwa.

Majirani walikuwa wamesimama pale, na mlinzi wa shamba la zabibu alikuwa miongoni mwao pamoja na mkewe. Alimwangalia mtoto, akamgusa shingoni, utani ukamwisha.

"Nipe mimi," alimwambia mume wangu. "Nitamweka mabegani. Hili korongo nimelivuka tangu nikiwa mchunga ndama. Wewe nifuate nyuma na kamba."

Mume wangu akaanza kuifungua kanga kifuani pangu. Fundo likamshinda. Ndipo niliposikia fimbo. Mzee alikuwa amekuja peke yake, akifuata sauti zetu na ule mlio, suruali imelowa matope hadi magotini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, kama wa mtu anayeumwa.

"Nini kinapita juu ya maji?" aliuliza.

Nikamjibu mimi. "Miti baba. Na paa la nyumba."

"Miti mizima au matawi?"

"Mizima, na mizizi yake."

"Msivuke."

Mume wangu aligeuka. "Baba, mtoto anakufa."

"Nasikia. Msivuke. Mvua imekata. Maji haya hayana akiba nyuma yake, kila tunavyokaa yanapungua nguvu. Mkiingia sasa mtapigana nayo yakiwa na nguvu zake zote. Ngojeni."

"Hayo ni ya vitabuni mwako. Huyu ni mjukuu wako."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu akimjibu mzee wangu namna ile, mume wangu ndiye kabisa. Mzee alisimama ameshikilia fimbo kwa mikono miwili. Wote wakanitazama mimi kwa kuwa mtoto alikuwa kwangu, na fundo la kanga lilikuwa kifuani pangu.

Ningependa kusema nilipima maneno. Sikupima. Niliyatazama yale maji na mwili wangu ukakataa. Nikaikumbatia ile kanga, nikasema, "Tungoje." Mume wangu akaachia mikono yake, akaondoka hatua chache, akatugeuzia mgongo.

Yule mlinzi hakukasirika. Alisema, "Haya. Ngojeni ninyi na mtoto. Mimi nitatangulia nikatafute gari lisimame upande ule, maji yakipungua msihangaike barabarani." Mkewe akamwambia kitu kwa Kigogo, kwa sauti ndogo, kwamba aache. Alimjibu kwamba anarudi sasa hivi. Alivua shati, akalikunja, akampa mkewe.

Mzee akauliza, "Nani anaingia?"

"Jirani," nikasema.

"Mwambieni asiingie."

Alikuwa ameshaingia. Alikwenda vizuri mwanzoni, kwa ubavu, akipima kwa miguu, maji yakimfika kiunoni. Alipokaribia katikati alijaribu kukwepa gogo lililokuja, akalikwepa, na lililokuja nyuma yake halikuonekana. Hakupiga kelele. Niliona mkono, kisha mgongo wake mahali pengine mbali zaidi, kisha maji tu. Wanaume walikimbia ukingoni kufuata maji. Mkewe alibaki amesimama na lile shati, akilikunja upya, akilinyoosha, akilikunja.

Tukangoja. Jua lilitoka, likawaka kama hakuna kilichotokea. Nilikaa chini ya kichaka nikimkanda mtoto kwa kitambaa nilichokilowesha kwenye maji yaleyale. Degedege ilirudi mara mbili. Kila ilipomwachia niliogopa kusogeza sikio puani mwake, nikaogopa kutosogeza. Mzee aliketi kwenye tope kando yangu, akaomba nimpe mguu wa mtoto. Akaushika kwenye kiganja. Midomo yake ilikuwa ikisoma dua. Nikaona shingo yake imegeuzwa mbali na mlio, kama mtu anayekwepa kofi.

Alasiri maji yalishuka mpaka mapajani. Wanaume walishikana mikono wakafanya mnyororo, mume wangu akambeba mtoto, nami nikapita kati yao nikiwa nimefumba macho. Ng'ambo tulipata lori la mawe likatupeleka hospitali. Walimtundikia dripu ya kwinini. Siku ya tatu alifumbua macho, akanitambua, akataka uji.

Nilimwita jina lake akiwa amenipa kisogo. Hakugeuka. Nikaita tena. Nikagonga kitanda kwa bakuli. Akageuka pale tu kitanda kilipotikisika.

Daktari alikuwa kijana mpole. "Inawezekana ni malaria yenyewe imeharibu, inawezekana ni dawa," alisema. "Hatuwezi kujua. Mngemfikisha mapema zaidi, labda."

Hilo neno labda nilirudi nalo Mkonze.

Jirani yetu alikuwa ameshaonekana, kwenye mchanga, mbali sana na kwao. Tulimzika. Mzee aliomba kuongozwa mpaka kwa mjane, akampa mkono. Yule mama akazungumza kwa Kigogo, na mzee akaniomba nimtafsirie. Nilisita. Kisha nikamwambia kama ilivyosemwa: "Anasema ulisema wasivuke. Anasema yeye alikusikia, na mumewe alikusikia. Anasema hana neno na wewe." Mzee akaendelea kuushika ule mkono mpaka watu wakaanza kutazamana.

Mume wangu hakusema na baba yake kwa muda mrefu. Alimpa chakula, alimpeleka msikitini, lakini maneno hapana. Nami nilijikuta kati yao, nikimwogopea mume wangu kwa hasira yake, nikimwogopea mzee kwa unyonge wake, nikimwogopea mtoto ambaye sasa aliweza kuingia njia ya magari bila kuyasikia. Nilimfunga kamba nyembamba kiunoni tukienda sokoni. Watu walinicheka, sikujali.

Jioni moja mzee akaniita nimsomee. Aliitaka sura ya kungoja, ile iliyompa jina. Nilisoma ukurasa wa kwanza na wa pili. Nilipofika pale anapoeleza kwa nini nahodha mwenye kundi dogo asitoke, akainua mkono.

"Funga," alisema. "Nataka kukwambia jambo ambalo mama mkwe wako tu ndiye aliyelijua."

Akaniambia kwamba alipotoka ng'ambo aliwekwa kwenye boti ya doria. Alfajiri moja, bahari imechafuka, boti iligonga mwamba ikaanza kuzama upande. Yeye alikuwa juu, kwenye sitaha. Vijana watatu walikuwa chini, na mlango wa kushukia ulikuwa umejipinda. Aliwasikia wakigonga. Alipaswa kushuka kwa tundu la nyuma, ambalo maji yalikuwa yameanza kuingia. Alisimama pale juu ya lile tundu. Hakushuka. Uchunguzi ukasema hakuna ambaye angeweza kuwaokoa, na huenda ilikuwa kweli.

"Baada ya hapo sikuweza kupanda meli," alisema. "Nikaomba kufundisha. Nikaandika kitabu kizima kueleza kwa nini manowari zikae bandarini. Nilikusanya ushahidi wa karne nyingi, na ushahidi ni wa kweli, hakuna aliyeweza kuupinga. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza, wewe mwandishi, unaogopa maji?"

Kuku walikuwa wanapanda mtini kulala.

"Wewe ni mwalimu wa historia," akaendelea. "Ulikuwepo. Siku ile nilikupa shauri la akili au la woga?"

Nililitafuta jibu la kumfariji, nikaliona linapita, nikaliacha. "Sijui baba," nilisema. "Mimi niliogopa. Hata usingekuja, nadhani nisingemtoa mtoto. Lakini usingekuja nisingekuwa na neno la kuwaambia."

"Kwa hiyo nilikupa neno."

"Ndiyo."

"Hiyo ndiyo kazi niliyowafanyia maofisa wote wale," alisema, na hakuwa anatania.

Mume wangu alikuwa ukumbini, mlango wazi. Sijui alianza kusikiliza kuanzia wapi. Alitoka, akakaa kwenye ngazi ya baraza, miguuni pa baba yake, na walikaa hivyo mpaka nilipowaita kula. Kesho yake nilimsikia akimwuliza kama anataka kunyolewa ndevu.

Miezi iliyofuata mzee alinitaka niandike huku yeye akisema. Alitaka kuongeza sura katika kitabu chake, si kukikana. Alisema shauri lake ni sahihi, ila mwenye kulitumia lazima ajichunguze kwanza, kwa kuwa woga na subira huvaa nguo moja, na mtu mwenye kuogopa ndiye fundi wa kutafuta sababu nzuri. Alieleza jinsi majemadari fulani wa zamani walivyongoja bandarini kwa hekima, na wengine walivyongoja mpaka meli zikaota kutu na watu wao wakafa njaa, na wote waliandika sababu zilezile. Nikamwuliza mtu anawatofautishaje. Alisema hajapata njia. Akaniamuru niandike hivyo, kwamba hajapata njia.

Mmoja wa maofisa waliozoea kuja alisomewa sura ile. Alikunja uso. "Mzee, hii itaharibu kazi yako. Watasema nadharia nzima ni ya mtu mwoga."

"Itakuwa wamesema kweli," alijibu, "na nadharia itakuwa kweli vilevile. Waache wahangaike nayo."

Alifariki kiangazi, mchana, akiwa kitandani pake. Maofisa walikuja wengi, wakatoa hotuba kuhusu ushupavu wake. Nilikuwa nimesimama upande wa wanawake, nimemshika binti yangu, namweleza kwa vidole nani anasema nini. Sura ile waliichukua pamoja na maandishi mengine. Kitabu kilitolewa tena, nikaona sura imo, mwishoni, kwa herufi ndogo.

Binti yangu sasa ni mtu mzima. Ni fundi wa kushona, anaishi Nzuguni, upande wa pili wa mji, na mumewe, na wana mtoto anayesikia vizuri. Korongo limejengewa daraja. Hata hivyo, kila mvua kubwa ikianza natafuta sababu ya kwenda kwao. Nikifika namkuta ameinamia cherehani, bati linapigwa na mvua juu yake kwa kishindo na yeye hana habari, anapima pindo la gauni la watu. Nakaa karibu na mlango. Ananitengenezea chai. Hataki kuniuliza ninaogopa nini, nami sijui ningemjibu kwa ishara gani.